Siri ya Nyumba na Mzigo wa Mtoto

Majira ya baridi yaliyopita mama mmoja wa jamii yetu hapa Champlin alipigiwa simu kutoka shuleni. Binti yake wa miaka 15 alikuwa akilia darasani, na shule iliomba idhini ya wazazi ili awe anakutana na mshauri wa afya ya akili kila wiki. Jumapili tulipokutana kwa chai, jambo hilo lilizungumzwa. Wengi wetu tulisema mambo ya nyumba hayatolewi nje. Mmoja akauliza kama binti anapelekwa Mirembe, tukacheka.

Lakini swali lenyewe ni zito. Je, mtoto anayemweleza mgeni yanayomuumiza anaisaliti nyumba yake?

Hofu yetu ina asili. Kwa aliyekulia Tanzania, jina la hospitali ya Mirembe ya Dodoma limegeuzwa kuwa tusi. Kwa Wakenya ni Mathari. Nchini Kenya kujaribu kujiua kulihesabiwa kosa la jinai hadi Januari 2025, Mahakama Kuu ilipoamua kwamba kifungu hicho kinakiuka katiba. Aliyekulia mahali ambapo mtu aliyekata tamaa angeweza kufikishwa polisi ana sababu ya kujifunza kunyamaza.

Hata hivyo, mficha maradhi kifo humuumbua. Wilaya ya shule ya Anoka-Hennepin, ambayo Champlin imo ndani yake, ilipoteza wanafunzi kadhaa kwa kujiua kati ya 2009 na 2011. Na mwaka 2023 uchunguzi wa serikali kuu ya Marekani ulionyesha kuwa wanafunzi wa sekondari wapatao 4 kati ya 10 walikuwa wamepatwa na huzuni au kukata tamaa kwa muda mrefu. Watoto wetu nao wanasoma katika shule hizo hizo.

Sasa tumtazame binti yule. Tangu akiwa na miaka 9 ndiye anayewasomea wazazi barua za benki na za uhamiaji. Ndiye aliyekaa kati ya baba yake na daktari, akayageuza majibu ya ugonjwa kuwa Kiswahili. Sheria ya Marekani inazizuia hospitali zinazopokea fedha za serikali kuu kumtegemea mtoto kuwa mkalimani, isipokuwa kwa dharura. Sisi tuliwategemea watoto kwa sababu walikuwepo. Siri za nyumba tuliwabebesha wenyewe, bila kuwauliza, kwa kuwa tulihitaji vinywa vyao. Leo binti anahitaji sikio, nasi tunamwambia siri haitoki!

Wala si kweli kwamba kwetu mtoto alikuwa na wazazi peke yao. Pwani msichana alikuwa na somo wake. Bara walikuwepo shangazi na bibi. Yale ambayo mama asingeweza kuyasikia yalisemwa huko, na somo hakurudi kumsimulia mama kila neno. Hakuna aliyeuita huo usaliti. Tulipopanda ndege, somo alibaki.

Mtasema mshauri si somo: analipwa, hajui Kiswahili, huenda asitofautishe heshima na woga. Ni kweli, na ndiyo maana tusimkabidhi mtoto kisha tukaondoka. Tumuulize amesomea nini, lipi atalitunza na lipi atatuambia. Kwa kawaida mshauri hutunza anayoambiwa, isipokuwa maisha ya mtoto au ya mtu mwingine yakiwa hatarini. Tunapokutana naye, tuombe mkalimani mtu mzima, ili binti asifasiri maumivu yake mwenyewe. Na kwa usiku usioweza kungoja asubuhi, namba 988, iliyoanza nchi nzima Julai 2022, hupokea simu saa 24.

Mama yule alitia sahihi. Baba hajakubali kwa mdomo hadi leo. Ila kila Jumatano yeye ndiye anayemngoja binti nje ya shule, gari likiwa linaunguruma kwa ajili ya baridi, na wanaporudi nyumbani hamuulizi alichosema. Wazazi wenzetu, tunadhani kwa kutouliza huko baba ameshajibu swali letu.