Nguruwe wa Gunma, Ng'ombe wa Tarime

Mwaka 2020 wafugaji wa Gunma, nchini Japani, waliibiwa mamia ya nguruwe. Oktoba polisi waliingia katika nyumba walizoishi Wavietnam mjini Ota, wakakuta nyama, wakakamata watu zaidi ya kumi. Kabla mahakama haijatamka nani mwizi, Mvietnam aliyekuwa akishona nguo kiwandani au akivuna kabichi shambani alikuwa keshaanza kutazamwa kwa jicho baya.

Mtu wa Kerende, kijiji cha Tarime, anaijua hukumu ya namna hiyo. Ng'ombe wakiibwa usiku na nyayo zikaelekea upande fulani, kunakucha ukoo mzima umeshaitwa wezi. Watu wa koo za Kikurya za Wanchari na Warenchoka wameuana kwa ugomvi wa mifugo na ardhi. Mkurya akifika Dar es Salaam na kutaja kwao, wapo wanaomwona ameshika panga hata kama mkononi ana vyeti vya shule. Hata nyumbani jina baya linamngoja: kijana anayeingia mgodi wa North Mara kuokota mawe yenye dhahabu huitwa mvamizi, ilhali wazee wake walichimba dhahabu hapohapo Nyamongo kabla mgodi huo mkubwa haujaanza uzalishaji mwaka 2002. Mei 2011 polisi waliwaua kwa risasi watu watano pale mgodini. Neno mvamizi liliwafanya wengi wasiulize walikuwa watoto wa nani.

Sasa tuulize Wajapani hawakuuliza nini. Wavietnam wengi huko waliingia kwa mpango wa mafunzo ya kazi ulioanza mwaka 1993. Uchunguzi wa idara ya uhamiaji ya Japani uliotolewa mwaka 2022 ulionyesha kwamba takribani wanane kati ya kila kumi waliotoka Vietnam walikopa fedha ili wasafiri. Mpango uliwafunga kwa mwajiri mmoja. Bosi akikata mshahara au akipiga, mfanyakazi alivumilia huku deni likidai kijijini kwao, au alitoroka. Akitoroka alipoteza kibali, na bila kibali hakuna kazi halali. Mwaka 2023 pekee walitoroka wafanyakazi wa mpango huo zaidi ya 9,000, na zaidi ya nusu ni Wavietnam. Kanuni ilimsukuma mtu nje ya sheria, kisha majirani wakasema ndiyo tabia ya taifa lake. Ni dhuluma, na mwaka 2024 Bunge la Japani lenyewe lilipitisha sheria ya kuufuta mpango huo na kuweka mwingine unaoruhusu kubadili mwajiri kwa masharti.

Mabinti zetu wanafungwa kamba ileile Oman. Ripoti ya Human Rights Watch ya mwaka 2017 kuhusu Watanzania wanaofanya kazi za ndani huko na Falme za Kiarabu ilieleza pasi zilizochukuliwa, mishahara isiyolipwa, na wanawake waliokimbia kipigo wakashtakiwa kwa kutoroka.

Kwa hiyo, mzazi wa Kerende, wakala akikaa sebuleni kwako na fomu, muulize mbele ya binti: pasi itakaa mkononi mwa nani? Nauli hii ni deni la nani? Asipolipwa miezi miwili, anaruhusiwa kuhamia kwa mwajiri mwingine? Majibu yaandikwe kwenye mkataba, kwa Kiswahili. Wakala akisema hayo yatajulikana hukohuko, mrudishie fomu yake bila saini.