Panya, Chatu na Mwenye Ufunguo

Baray, kule bondeni kwenye Ziwa Eyasi, si mahali pa kufugia nyoka. Nyoka akikutwa kwenye tuta la vitunguu hupigwa fimbo, na mtu akigongwa na kifutu hakuna anayeuliza nyoka yule alikula nini. Kwa hiyo swali la kama nyoka wa kufugwa apewe panya aliye hai au aliyekwisha kufa na kugandishwa kwenye friza laweza kusikika kama swali la watu waliokosa kazi. Lakini barabara ya kushuka Baray hutoka Karatu, na ya Karatu hutoka Arusha ikipita Meserani, ambako tangu 1993 ipo bustani ya nyoka inayojulikana na wengi waendao Ngorongoro. Wakenya wana Bio-Ken huko Watamu tangu 1980, na Nairobi ilifungua bustani yake ya nyoka mapema zaidi, 1961. Kote huko shida ni ile ile: nyoka hali majani wala pumba. Anayemfungia nyoka amejitwisha kazi ya kumtafutia mwili wa kiumbe mwingine, leo, wiki ijayo na mwezi ujao, kwa miaka yote nyoka huyo atakayoishi. Naona hilo ni swali la dini kabla halijawa la ufugaji, na naona lina jibu.

Tuanze na wanyama wenyewe. Shambani panya ana mashimo, ana usiku, ana pua na masikio ya kumwonya. Kifutu hujilaza chini ya majani makavu akisubiri, na akipata nafasi hugonga, huachia, kisha humfuata panya kwa harufu hadi pale sumu ilipomlaza. Mara nyingi hukosa, na siku hiyo hulala njaa. Sasa mweke panya huyo huyo kwenye kizimba cha kioo pamoja na chatu. Atazunguka pembe zote nne akinusa, atasimama kwa miguu ya nyuma akikwaruza kioo, atarudi pembe ile aliyoanzia, kisha ataganda. Chatu akiwa na njaa, kifo chenyewe kinaweza kuwa cha haraka. Mwaka 2015 watafiti wa Marekani waliopima mapigo ya moyo na msukumo wa damu wa panya waliobanwa na boa, nyoka anayekaba kama chatu, walionyesha kwamba damu huacha kuzunguka vizuri ndani ya sekunde chache. Si kukosa pumzi polepole kama ilivyoaminika kwa muda mrefu. Lakini chatu akiwa ameshiba, au anakaribia kujivua gamba, hamgusi. Panya hubaki humo usiku kucha na adui yake, na njaa ikimshika yeye ndiye anayeanza kutafuna. Wafugaji wengi wamemkuta nyoka wao asubuhi ameliwa mgongo hadi nyama zikaonekana. Mateso ya kizimbani basi hayako sana kwenye kukabwa. Yako kwenye saa zile za kabla, na yanaweza kumpata yeyote kati ya wawili hao.

Nani mwenye dhamana ya saa hizo? Mfugaji wa Kidatoga akimfungia mbuzi na fisi katika boma moja, kisha asubuhi aseme fisi ndiye aliyeua, wazee watamcheka. Aliyefunga mlango ndiye aliyeua. Fisi alikuwa kisu tu. Hapo ndipo hoja yangu ilipo. Ukuta humwondolea panya nafasi ya kukimbia, humwondolea nyoka nafasi ya kuchagua, na nafasi hizo mbili zote huzikabidhi mikononi mwa mwenye ufunguo. Yeye ndiye mchinjaji, apende asipende, na adabu za mchinjaji humhusu. Waislamu wanazijua adabu hizo kutokana na hadithi iliyopokewa na Imamu Muslim: kufanya wema kumeandikwa katika kila jambo, hata katika kuua, ndiyo maana kisu hunolewa na mnyama hupumzishwa. Wanaijua pia habari ya mwanamke aliyeadhibiwa kwa sababu ya paka. Kosa lake lilikuwa na pande mbili, kumfungia bila kumlisha na kutomwachia ajitafutie wadudu wa ardhini, na bila ile ya kumfungia, ya pili isingekuwapo. Mkristo wa Karatu atakumbuka Mithali 12, ambapo mwenye haki hutambulikana kwa jinsi anavyoujali uhai wa mnyama wake. Mapokeo yote mawili yanakubali kwamba mnyama anaweza kufa kwa ajili ya mwingine, na yote mawili yanamuuliza anayeua: umeuaje?

Pingamizi la kwanza husema kwamba ndivyo Mungu alivyoumba. Zaburi 104 ina wanasimba wanaonguruma wakimwomba Mungu chakula, na katika kitabu cha Ayubu Mungu anamuuliza binadamu kama ni yeye anayemwindia simba. Nalikubali pingamizi hili kuliko wenyewe wanaolitoa wanavyotarajia. Maana ya swali lile kwa Ayubu ni kwamba riziki ya simba si kazi ya mtu. Porini hatuna la kumshtaki nyoka, na sina subira na wanafalsafa wanaotamani dunia isiyo na wawindaji. Mhadzabe anayetoka na upinde alfajiri karibu na Eyasi yumo ndani ya mpango huo: swala anaweza kumsikia, mshale unaweza kupita pembeni, na siku nyingine kambi nzima hula mizizi na asali. Mwenye kizimba amejitoa kwenye mpango huo na kuuandika wake, ambamo matokeo yanajulikana kabla kifuniko hakijafunguliwa. Hawezi kuuvunja uumbaji kwa mkono mmoja na kujitetea kwa uumbaji huo huo kwa mkono wa pili.

Pingamizi la pili ni zito zaidi kwa mtu wa Baray, nalo ni kwamba panya ni adui. Panya shamba hufukua mbegu za mahindi kabla hazijaota. Tauni, ugonjwa unaosambazwa na viroboto wa panya, ililipuka Mbulu, jirani wa Karatu, mwaka 2007. Katika hadithi, panya ni mmojawapo wa viumbe watano wanaoruhusiwa kuuawa hata katika eneo takatifu la Makka. Yote ni kweli. Ila ruhusa ya kuua haikuwahi kuwa ruhusa ya kutesa. Ile amri ya wema katika kuua isingekuwa na kazi yoyote kama ingewahusu tu viumbe tusiotaka kuwaua. Na anayedai kwamba panya hana akili ya kuogopa aende Morogoro, Chuo Kikuu cha Sokoine, ambako shirika la APOPO hufundisha panya buku kunusa mabomu ya ardhini na kifua kikuu. Mmoja wao, Magawa, alitunukiwa nishani ya dhahabu na shirika la hisani la Uingereza mwaka 2020 kwa kazi aliyoifanya Kambodia. Kiumbe anayejifunza, anayekumbuka na anayesubiri ujira wake wa ndizi hawezi kuwa mgeni wa hofu. Hapa lazima niseme jambo lisilonifurahisha: sumu ya dukani ambayo mkulima humwekea panya huweza kuchukua siku kadhaa kumuua, na kwa kipimo cha mateso huenda ikawa mbaya kuliko chatu. Tofauti ni kwamba mkulima anaokoa chakula cha watoto na mara nyingi hana njia nyingine anayoimudu. Mwenye kizimba alimtaka nyoka mwenyewe.

Je, basi friza ndiyo jibu? Nusu yake. Marekani na Ulaya kuna viwanda vinavyozalisha panya kwa maelfu, huwaua kwa gesi ya kaboni dioksidi, huwagandisha na kuwauza kwa mifuko. Mnunuzi huyeyusha mmoja, humpasha kwenye maji ya moto, humfuta, kisha humshika mkia kwa koleo na kumtikisa mbele ya nyoka mpaka ulimi uanze kutoka na kurudi. Mikono yake haina damu, na hapo ndipo anapojidanganya, kwa kuwa kifo kilitokea. Kimehamishwa tu chumba. Kinachomtetea panya ni kuuawa haraka kabla ya kufika kwa nyoka, na barafu haina sehemu katika hilo. Anayemtupa panya hai ndani ya friza ili ajipatie panya wa kugandishwa amefanya ukatili mkubwa kuliko wa chatu yeyote. Kwa upande mwingine, mahali ambapo umeme hukatika na nyama huharibika, panya aliyeuawa kwa pigo moja dakika tano zilizopita anatosha kabisa. Wasiwasi wa kwamba huyo ni kibudu hauna uzito mkubwa: kibudu kimekatazwa kwenye sahani ya mtu, na wapo mafakihi walioruhusu mnyama alishwe hicho.

Linabaki jambo gumu kweli, nyoka anayekataa mzoga. Kifutu aliyetolewa porini anaweza kususa kwa miezi. Kumwacha afe njaa kwa jina la huruma kwa panya ni kurudi kwenye kosa la yule mwanamke na paka. Katika hali hiyo wajibu wa kumlisha uliyemfungia hutangulia, na panya hai anaruhusika, lakini kwa masharti yatokanayo na hoja ile ile: mlishaji akae pale pale hadi mwisho, amtoe panya baada ya muda mfupi nyoka asipomgusa, aendelee kumjaribu nyoka kwa mzoga uliopashwa moto kila awamu, na asiwakusanye watalii kutazama. Pale ambapo nyoka hukamuliwa sumu ya kutengenezea dawa ya waliogongwa, kuna sababu ya kuubeba mzigo huo. Anayemtaka kifutu kwa ajili ya pambo la sebuleni hana sababu hiyo, na nyoka wake akisusa mzoga, kosa linalopaswa kujadiliwa ni la siku aliyomchukua.