Kabla ya Moto Ilikuwa Rangi Gani?

Mtihani wa baiolojia kwa vitendo uliisha asubuhi, na jua halijafika utosini, chini ya mwembe ulio nyuma ya maabara palikuwa pamejaa vijana wa kidato cha nne wanaosema wote kwa pamoja. Mmoja alikuwa na madoa ya ayodini vidoleni, meusimeusi kama ya mtu aliyetoka kumenya ndizi mbichi. Mwingine alikuwa bado ameing'ang'ania kalamu. Salamu hakuna. "Umepata nini?" ndiyo iliyokuwa salamu ya siku hiyo.

Swali lililowatoa jasho lilikuwa la kupima chakula. Walipewa kimiminika cha njano, chenye herufi badala ya jina, wakatakiwa waseme kina nini ndani yake. Wanga haukuwapa shida: ayodini iligeuka bluu-nyeusi kwa kila mtu, likaisha. Ugomvi ulikuwa kwenye sukari. Kipimo chake kila mwanafunzi anakijua hata usingizini. Unatia myeyusho wa Benedict, ambao ni wa bluu, unachemsha, na sukari ikiwamo rangi inahama kwenda kijani, kisha njano, kisha chungwa, mpaka nyekundu ya tofali, kadiri sukari inavyozidi. Wao waliona kijani. Ikakomea hapo.

"Kijani maana yake ipo kidogo," alisema kijana mmoja kwa sauti ya kiranja.

"Haipo. Ingekuwepo ingefika hata njano."

"Nani kakwambia?"

"Sasa na wewe nani kakwambia?"

Wakapiga kura. Naam, walinyoosha mikono, kama wanamchagua kiongozi wa bweni. Walioandika "ipo kidogo" walikuwa ishirini na kitu, walioandika "haipo" walikuwa sita. Wale wengi wakashusha pumzi. Kati ya wale sita, kijana mmoja alikaa chini kwenye mzizi wa mwembe, akaanza kuhesabu kwa vidole alama alizopoteza.

Mikutano ya namna hii nimeisikia kila Novemba katika miaka niliyofundisha, na kwa muda mrefu niliichukulia kama kelele za watoto waliochoka. Yaliyopita si ndwele, nilikuwa nikiwaambia. Nendeni mkasome kemia. Sasa naona nilikuwa nawafukuza mahali ambapo wangejifunza jambo ambalo mimi darasani sikuwahi kulifundisha likaingia.

Kwanza hofu yenyewe. Ni hofu ya aina yake. Kwa kawaida mtu huogopa lijalo: mvua kukosekana, deni kufika siku yake, jibu la daktari. Hawa wanaogopa lililokwisha. Wino umekauka, karatasi zimehesabiwa na kufungwa kwenye bahasha, na kilicho juu yake ni namba ya mtahiniwa, si jina. Alama iliyopatikana imekwisha kupatikana na iliyopotea imekwisha kupotea, hata kama matokeo yatatangazwa Januari. Na bado usiku ule mabwenini watu watasali. Niliwahi kusikia sala ya binti mmoja kwa masikio yangu, nikipita dirishani: "Mungu wangu, iwe niliandika mililita mbili."

Mwanafalsafa Mwingereza Michael Dummett aliichunguza sala ya aina hii katika makala ya mwaka 1964. Alimfikiria baba anayesikia kwamba meli aliyopanda mwanawe imezama saa kadhaa zilizopita, naye anaomba mwanawe awe miongoni mwa waliookoka. Je, anaomba jambo lisilo na maana, kwa kuwa lililotokea limetokea? Dummett hakukubali kwamba baba huyo anakosea kirahisi hivyo, kwa sababu Mungu ajuaye yote aliijua sala ya leo tangu jana. Mimi nami sikuthubutu kugonga dirisha la bweni kumwambia yule binti kwamba amechelewa.

Ila hofu hiyo inabeba ungamo ndani yake. Hakuna anayekesha kwa sababu alichagua kitenge cha bluu akaacha cha kijani. Tunaogopa pale tu tunapokubali moyoni kwamba jibu lipo, kwamba halitusubiri sisi ili liwe jibu, na kwamba huenda tumelikosa. Kijana anayetetemeka baada ya mtihani amekwisha kukiri, hata kama hajawahi kulisikia neno falsafa, kwamba ukweli haufanywi kwa kutamani. Namheshimu kwa kutetemeka huko. Ningehuzunika zaidi kama angetoka mle ndani hajali.

Sasa ile kura. Kwa nini wingi unatuliza? Si ujinga mtupu. Mwaka 1785 Mfaransa Condorcet alionyesha kwa hesabu kwamba kama kila mpiga kura ana nafasi kubwa zaidi ya kupatia kuliko ya kukosea, na kama kila mmoja anaamua peke yake, basi kadiri wanavyoongezeka ndivyo uamuzi wa wengi unavyozidi kuukaribia uhakika. Uzito wote uko kwenye hayo maneno "peke yake". Vijana wangu ishirini na kitu walifundishwa na mwalimu mmoja, ambaye ni mimi, na walinakili daftari moja la tuisheni lililozunguka bweni hadi bweni mpaka jalada likang'oka. Hao si mashahidi ishirini. Ni shahidi mmoja aliyesikika mara ishirini, na kama alikosea, kosa lake limesikika mara ishirini vilevile.

Baiolojia yenyewe imewahi kupitia hapo. Mwaka 1923 Mmarekani Theophilus Painter alihitimisha kwamba seli ya binadamu ina kromosomu 48. Hakuwa mzembe. Kromosomu alizozitazama zilikuwa zimebanana na kulaliana, na kuzihesabu kulikuwa kama kuhesabu dagaa ndani ya kapu bila kulimwaga. Namba hiyo ikaingia vitabuni, ikafundishwa kwa zaidi ya miaka thelathini. Kisha Desemba 1955, katika maabara moja ya mji wa Lund nchini Sweden, Joe Hin Tjio, mzaliwa wa Java, alizitazama seli zilizotayarishwa vizuri hadi kromosomu zikaachana, akahesabu 46. Yeye na Albert Levan wakachapisha matokeo mwaka 1956.

Ndani ya makala yao mna habari fupi ambayo kila nikiikumbuka hunishika. Watafiti wengine, miezi michache kabla yao, walikuwa wakichunguza seli za ini za vijusi, wakapata 46 mara kwa mara. Wakaisitisha kazi, kwa sababu hawakuweza kuzipata zote 48.

Hebu mfikirie mtu huyo mbele ya hadubini. Jibu sahihi liko chini ya jicho lake, si mara moja, mara nyingi, naye analichukulia kuwa ni upungufu wake mwenyewe. Anafuta lenzi. Anatengeneza sampuli nyingine. Alikuwa amekaa kwenye mzizi wa mwembe, akihesabu alama alizopoteza.

Na mimi, ningekuwa mwalimu mwaka 1950, mtoto aliyeandika 46 ningempa kosa kwa wino mwekundu, nikalala usingizi mzuri. Kilichomo ndani ya seli, walichokubaliana watu, na kilichoandikwa kwenye mwongozo wa kusahihishia huenda pamoja siku nyingi hata tukadhani ni kitu kimoja. Siulaumu mwongozo. Karatasi ni nyingi, wasahihishaji ni wengi, na haki inadai mtoto wa Kigoma na wa Tanga wapimwe kwa kipimo kimoja. Bila mwongozo tungebaki na huruma ya msahihishaji, na huruma haigawanywi sawa. Lakini mwanafunzi akiulizia kilichomo kwenye mwongozo tu, amekwisha kuacha kuuliza kuhusu kimiminika cha njano kilichokuwa mbele yake.

Nilidhani mkutano wa mwembeni ulikuwa umefika mwisho wake wa kawaida. Wengi wameshinda, wachache wamenyamaza, na mtu ameshataja chakula cha mchana. Ndipo binti mmoja aliyekuwa amesimama pembeni, akikunja na kukunjua koti lake la maabara, akauliza bila kupaza sauti:

"Kabla hamjaiweka motoni, ilikuwa rangi gani?"

"Bluu," akajibu yule mwenye sauti ya kiranja. "Benedict si ya bluu?"

"Benedict ni ya bluu. Sampuli ilikuwa njano. Uliitazama zikishachanganyika?"

Kimya kikatanda. Hakuna aliyekuwa ametazama. Yeye mwenyewe hakuwa ametazama. Alikuwa ameandika "ipo kidogo", na mkono wake ulinyooshwa pamoja na wale wengi. Alikuwa upande ulioshinda, na hakuna kitu kilichomlazimisha kuuliza.

Katika mazungumzo ya Plato yaitwayo Meno, Socrates analeta mfano wa watu wawili wanaokwenda Larissa. Mmoja anaijua njia, mwenzake ameibahatisha tu akapatia. Wote wawili wanafika. Basi kujua kunazidi nini? Jibu lake ni kwamba maoni ya kweli yanafanana na sanamu za fundi Daedalus, ambazo zisipofungwa zinatoroka, na kamba ya kuyafungia ni kuieleza sababu. Mtihani unawapa alama sawa wote waliofika Larissa, na sioni ungefanyaje vinginevyo. Mwenye kubahatisha A, B, C au D haonekani kwenye karatasi. Anaonekana mwembeni, anapoulizwa "kwa nini?", na yeye mwenyewe hapo ndipo anapojiona.

Yaliyofuata yalichukua muda mrefu kuliko mtihani. Mmoja akasema rangi ya kijani inaweza kuja kwa kuchanganya tu, kama rangi za kuchorea. Mwingine akapinga: ingekuwa hivyo, kijani kisingezidi baada ya kuchemka, na yeye anakumbuka kilizidi. Unakumbuka au unataka kukumbuka? Wa tatu akapiga paja: wangechukua tyubu ya pili, ileile sampuli, uleule myeyusho, wasiichemshe, kisha wazilinganishe! Moyo wangu uliruka. Jaribio la kulinganishia niliwafundisha kidato cha kwanza, wakalikariri, wakalijibu kwenye mitihani ya muhula. Wakalibeba miaka mitatu kama mzigo wa mtu mwingine. Siku ile, mtihani ukiwa umekwisha na alama hazipo tena mezani, walilihitaji kwa mara ya kwanza, na walipolihitaji walilivumbua.

Na walibishana kwa Kiswahili. Mle ndani walijibu kwa Kiingereza, kama mitihani yetu ya sekondari inavyotaka, na sentensi ya hitimisho waliimeza neno kwa neno. Mtu anaweza kuiandika bila kosa hata kama hajawahi kujiuliza kitu. Lakini nilisikia mtu akisema, "Jamani, rangi imebadilika au imechanganyika?" Baiolojia yote ya swali lile ilikuwa ndani ya vitenzi viwili hivyo, na silabi chache ndizo zilizovitenganisha. Mtu hushuku kwa lugha anayogombania. Laiti tungewapa nafasi ya kugombana kwa lugha hiyo kabla ya Novemba.

Jioni binti yule alibisha hodi ofisini.

"Shikamoo, Mwalimu. Masalia ya sampuli yamemwagwa?"

Hayakuwa yamemwagwa. Mtunza maabara alitufungulia, nasi tukawasha taa moja tu. Akachukua tyubu mbili, akapima sampuli ileile kwa kila moja, akaongeza myeyusho wa Benedict tone kwa tone, midomo ikihesabu. Kisha akazisimamisha mbele ya karatasi nyeupe na kuinama mpaka macho yakawa usawa wa meza. Zote mbili zilikuwa kijani, na moto ulikuwa haujawashwa.

Hakusema kitu. Moja akaitia kwenye maji yanayochemka, nyingine akaiacha kishikioni. Dakika tano zile nilizisikia zikipita. Alipoitoa ile ya moto akaifuta, akazishika zote mbili pamoja dirishani, mwanga wa mwisho wa siku ukapenya ndani yake. Nilijaribu kusema ipi ilikuwa imechemshwa, nikashindwa. Yeye aliweza kwa sababu ilikuwa bado inamuunguza vidole.

"Kwa hiyo haipo," alisema. "Nimekosa, Mwalimu."

Nilimtazama usoni nikiitafuta ile huzuni ya mchana. Alikuwa tayari anatafuta vizibo. Aliomba aondoke na tyubu zote mbili hadi asubuhi, kwa sababu kuna kijana alikaa kwenye mzizi wa mwembe na tangu mchana hajala.