Mwanamke wa Makamo Mlangoni pa Utawa

Utawa, yaani maisha ya kuwekwa wakfu kwa nadhiri za ufukara, useja na utii ndani ya jumuiya inayotambuliwa na Kanisa Katoliki, umezoeleka nchini Tanzania kuwa njia ya wasichana: binti huingia nyumba ya malezi akiwa ametoka shuleni, na anapokaribia miaka thelathini huwa ameshaweka au yu karibu kuweka nadhiri za daima. Hata hivyo katika parokia za katikati ya Dar es Salaam, kuanzia Kanisa Kuu la Mtakatifu Yosefu, lililojengwa na wamisionari Wabenediktini kutoka Ujerumani kati ya mwaka 1897 na 1902, hadi Msimbazi iliyo jirani na soko la Kariakoo, swali la utawa huulizwa pia na wanawake waliokwisha kuvuka miaka arobaini na mitano au hamsini, baadhi yao wajane, wengine wasiopata kuolewa, wengine wafanyabiashara ambao watoto wao wamekwisha kujitegemea. Jibu wanalolipata mara nyingi ni fupi: umri umepita. Jibu hilo linastahili kuchunguzwa, kwa sababu linachanganya mambo mawili yasiyolingana uzito, yaani desturi ya mashirika na masharti ya Kanisa lenyewe.

Mkusanyo wa Sheria za Kanisa wa mwaka 1983, katika kanuni ya 643, unataja mambo yanayobatilisha kupokewa katika unovisi, yaani kipindi cha malezi na majaribio kinachotangulia nadhiri za kwanza, na katika orodha hiyo umri umewekewa mpaka upande mmoja tu, kwamba asiyetimiza miaka 17 hapokelewi. Hakuna mahali ambapo sheria hiyo ya Kanisa zima inasema kwamba mwenye miaka hamsini amechelewa. Kanuni ya 642 inawataka wakuu wa mashirika wapime afya, tabia na ukomavu wa mwombaji, na mambo hayo matatu hupimwa kwa mtu mmoja mmoja, hayasomwi kwenye cheti cha kuzaliwa. Ukomo wa juu, unapokuwepo, hutoka katika katiba na taratibu za shirika husika, na kwa kuwa uliwekwa na shirika, mara nyingi shirika hilohilo kupitia Mama Mkuu na baraza lake lina uwezo wa kuulegeza.

Ukomo huo haukuwekwa kwa ukatili. Mashirika ya wazalendo yaliyozaliwa katika miaka ya 1930, kama lile la Mama Yetu wa Kilimanjaro kule Huruma, la Mtakatifu Teresia wa Mtoto Yesu kule Bukoba na la Moyo Safi wa Maria kule Mgolole, yaliundwa ili kupata walimu, wauguzi na makatekista wa kike kwa ajili ya Kanisa changa, na msichana aliyesomeshwa na shirika alitarajiwa kulitumikia kwa miaka arobaini kabla ya yeye mwenyewe kuhitaji kutunzwa. Masista wazee hulishwa na kutibiwa kwa jasho la masista vijana, na mwanamke anayeingia akiwa na miaka 52 atakuwa na miaka michache ya kazi na mingi ya kuuguzwa. Hesabu hiyo ni ya kweli, na anayetafuta jumuiya hafanyi vizuri akijifanya haioni. Lakini ni hesabu ya matunzo tu, na inafaa iitwe kwa jina lake ili isije ikageuzwa kuwa hukumu juu ya wito, kana kwamba Mungu huacha kuita pale shirika linapoacha kusomesha.

Kanisa la mwanzo lilikuwa na mpaka wa umri kwa wanawake waliojitoa, ila mpaka huo ulielekea upande wa pili. Waraka wa Kwanza kwa Timotheo, katika sura ya 5, unaagiza kwamba mjane asiandikwe katika orodha ya wajane wa Kanisa kabla ya kufikisha miaka 60, tena awe amejulikana kwa kulea watoto na kupokea wageni, yaani kwa maisha ambayo leo huhesabiwa kuwa yamemchelewesha. Karne nyingi baadaye, Jane Frances de Chantal, mjane mwenye watoto aliyekuwa na miaka 38, alianzisha pamoja na Fransisko wa Sales shirika la Kumtembelea Elizabeti katika mji wa Annecy mwaka 1610, wakikusudia tangu mwanzo kwamba wajane, wenye umri mkubwa na wenye afya dhaifu, ambao wasingeweza kuhimili ukali wa mashirika mengine, wapate pa kuingia. Pwani ya Waswahili nayo iliwahi kushuhudia mlango wa namna hiyo ukifunguliwa kwa sababu nyingine: Mabinti wa Maria, masista waliofika Unguja mwaka 1860 kutoka kisiwa cha Réunion, walikuwa wa shirika lililoanzishwa mwaka 1849, mara tu baada ya utumwa kukomeshwa kisiwani humo, na miongoni mwa wanachama wake wa kwanza walikuwamo wanawake waliotoka utumwani, watu ambao jamii ya wakati ule haikudhani kwamba wangefaa kuvaa vazi la kitawa.

Mfano mgumu zaidi ni ule wa Marie Guyart, aitwaye Maria wa Umwilisho, mjane aliyeingia kwa Waursula mjini Tours mwaka 1631 na kumwacha mwanawe Claude, mwenye umri wa miaka 11, mikononi mwa dada yake. Mtoto huyo alifika kwenye lango la monasteri akilia na kudai arudishiwe mama yake. Kanisa lilimtangaza Marie kuwa mtakatifu mwaka 2014, na Claude mwenyewe akawa mmonaki aliyeandika maisha ya mama yake, lakini utakatifu wa Marie haugeuzi tendo hilo la kumwacha mtoto kuwa kanuni ya kufuatwa. Mwanamke wa Dar es Salaam mwenye mtoto anayelipiwa ada, au mwenye mjukuu yatima anayemtegemea, ana wajibu uliotangulia ombi lake la utawa, na shirika linalomtaka asubiri linamtendea haki yeye na mtoto huyo.

Hapa ndipo vizuizi vya kweli vinapoonekana, na Kariakoo inavieleza vizuri kuliko vitabu. Kanuni ya 644 inakataza kuwapokea katika unovisi watu wenye madeni wasiyoweza kuyalipa. Mwanamke mwenye kizimba cha viungo au anayeuza vitenge kando ya Mtaa wa Kongo huendesha biashara yake kwa mzunguko wa fedha za watu wengine: ana hisa na mkopo kwenye kikoba, amewadhamini wenzake katika kikundi ambacho mmoja akishindwa marejesho ya wiki wote hulipa, ana mzigo aliouchukua kwa mali kauli, na pengine, mwezi mmoja mbaya ulipomkuta, alikopa ile mikopo inayoitwa kausha damu, ambayo riba yake hula faida na mtaji pamoja. Dada huyo anaweza kuwa mtu wa sala kwelikweli, mwenye kuhudhuria misa ya alfajiri kabla ya kufungua biashara na mwenye kuheshimika katika jumuiya ndogondogo na katika WAWATA, umoja wa wanawake Wakatoliki ulioanzishwa mwaka 1972, na bado asiwe huru kuingia nyumba ya malezi hadi jina lake litoke kwenye kila daftari, likiwamo lile alilosaini kama mdhamini na kulisahau.

Kizuizi cha pili ni ndoa. Kanuni ya 643 inambatilishia unovisi mwenye mume wakati ndoa ingalipo, na talaka ya mahakama ya serikali haiondoi kifungo cha ndoa ya sakramenti. Mwanamke aliyeachika kwa talaka hiyo hana budi kupeleka shauri lake mahakama ya Kanisa, ambayo huchunguza kama ndoa ilikuwa halali tangu siku ilipofungwa. Wapo pia walioishi na mwanamume miaka mingi bila ndoa ya Kanisa. Sheria ya Ndoa ya Tanzania ya mwaka 1971, katika kifungu cha 160, huwadhania kuwa mume na mke watu waliokaa pamoja miaka miwili na zaidi na kujulikana hivyo, ilhali Kanisa halihesabu kwamba mkristo Mkatoliki amefunga ndoa kwa kukaa tu pamoja. Mwanamke wa namna hiyo anaweza kuwa huru mbele ya paroko huku madai ya mali na malezi yakiwa bado hayajamalizika mbele ya serikali, na shirika lenye busara litataka pande zote mbili ziwe safi kabla ya kumpokea.

Kuhusu mali, kosa linalotokea ni haraka. Kanuni ya 668 inamtaka mtawa, kabla ya nadhiri za kwanza, aukabidhi usimamizi wa mali yake kwa mtu anayemtaka, na kabla ya nadhiri za daima aandike wosia unaotambulika pia kwa sheria za nchi. Hakuna kinachomlazimisha kuuza fremu au kugawa mtaji siku anayofungasha sanduku. Kanuni ya 702 inasema kwamba anayeondoka au kuondolewa katika shirika hawezi kudai malipo ya kazi aliyofanya humo, ingawa shirika linatakiwa kumtendea kwa haki na upendo. Msichana anayerudi nyumbani baada ya miaka mitano ana wazazi na muda, lakini mwanamke wa miaka 57 anayerudi mjini bila kizimba wala wateja amerudi kwenye ufukara ambao hakuuwekea nadhiri, kwa hiyo mlezi anayemhimiza auze kila kitu mapema anambebesha hatari ambayo sheria ya Kanisa haikuikusudia.

Akishapokewa, jaribu kubwa huwa ni mpangilio wa watu. Kanuni ya Mtakatifu Benedikto, katika sura ya 63, inapanga nafasi za wamonaki kwa kufuata wakati wa kuingia monasterini bila kujali umri, ikikumbusha kwamba Samweli na Danieli waliwahukumu wazee wakiwa bado vijana. Kwa malezi ya Kitanzania agizo hilo ni zito kwa pande zote mbili: sista wa miaka 24 aliyetangulia kuweka nadhiri hukaa juu ya novisi wa miaka 52 mezani na kanisani, na mlezi anayemwamuru novisi huyo aombe ruhusa ya kwenda sokoni huenda analingana umri na bintiye wa kwanza. Shikamoo haina sababu ya kufa katika hali hiyo, kwa maana sura hiyohiyo inawataka wadogo wawaheshimu wakubwa, na kijana anayemwamkia novisi kwa heshima hajapungukiwa na nafasi yake. Ila mwanamke aliyekwisha kuajiri vijana na kuamua bei kwa miaka thelathini lazima ajiulize mapema kama ataweza kuomba ruhusa ya jambo dogo bila moyo kuchubuka.

Milango mingine ipo. Monasteri za ndani, zinazoishi kwa sala na ukimya, huangalia umri kwa namna tofauti kwa sababu hazihitaji mtu wa kusomeshwa kwa ajili ya hospitali, ingawa mwongozo wa Vatikani wa mwaka 2018 uitwao Cor Orans unataka malezi yao yasipungue miaka tisa, hivyo aingiaye na miaka 50 ataweka nadhiri za daima akiwa na 59 au zaidi. Utaratibu wa mabikira, uliorudishwa mwaka 1970 na kutajwa katika kanuni ya 604, humweka mwanamke wakfu mikononi mwa askofu wa jimbo huku akiendelea kuishi kwake na kufanya kazi yake. Haumhusu aliyewahi kuolewa, lakini Papa Yohane Paulo II, katika waraka wake wa mwaka 1996 juu ya maisha ya wakfu, alitaja pia wajane wanaojiweka wakfu kama walivyofanya wa zamani. Utawa wa Tatu wa Mtakatifu Fransisko, unaoongozwa na kanuni iliyoidhinishwa na Papa Paulo VI mwaka 1978, humpokea hata mwenye mume na mwenye duka. Njia hizi ni kamili, si faraja kwa waliokosa nafasi, na kwa sababu hiyohiyo si haki kumsukumia huko mwanamke ambaye wito wake hasa ni wa kuishi, kula na kusali pamoja na wengine chini ya paa moja.

Barua yake ya maombi, basi, ingefaa itaje yote waziwazi: umri, ndoa na vyeti vyake, watoto, madeni, afya, bima ya matibabu na mali aliyonayo, kisha iombe kukaa na jumuiya miezi kadhaa kama mgeni kabla ya hatua yoyote. Mama Mkuu naye anadaiwa jibu lenye sababu. Akisema kwamba shirika halina uwezo wa kumtunza uzeeni, au kwamba katiba haimruhusu kulegeza ukomo, amesema jambo linaloeleweka na linalomwezesha mwombaji kubisha kwingine mara moja. Akimwambia tu aendelee kusali na kungoja, amemchukulia mwaka, na kwa mtu wa miaka 53 mwaka huo ndio unaoweza kuufunga mlango uliokuwa bado wazi mahali pengine.