Mheshimiwa na Nani? Tafakuri Juu ya Kivumishi "Honourable"

Kivumishi cha Kiingereza "honourable" kina maana mbili ambazo wenyewe hawazitengi daima: hutaja mtu mwadilifu, na hutaja pia cheo, tabia ya mwenye cheo iweje. Katika Julius Caesar ya Shakespeare, tamthilia ambayo Mwalimu Nyerere aliichapisha kwa Kiswahili mwaka 1963, Antoni hulirudia neno hilo mbele ya maiti ya Kaizari hadi sifa ikawa tusi. Mbinu hiyo hutegemea pengo lililopo baina ya maana hizo mbili.

Pengo la Kiswahili ni jingine. "Mheshimiwa" ni nomino iliyoundwa kutokana na kitenzi katika kauli ya kutendwa, sawa na "mshtakiwa" anayesimama kizimbani katika mahakama za Milimani. Hakuna mshtakiwa pasipo anayemshtaki. Hali kadhalika hapawi na mheshimiwa pasipo wanaomheshimu. Neno halidai kwamba mtu huyo anastahili heshima, ladai tu kwamba anapewa. Hata hivyo, anayeshtaki hutakiwa kuthibitisha, ilhali anayemwita mtu mheshimiwa hadaiwi ushahidi wowote.

Je, raia amwitaye hivyo mtu asiyemheshimu amesema uongo? Katika matatu nambari 46 za Kawangware, makanga huweza kumwambia abiria yeyote: "Mheshimiwa, songa kidogo." Wapo wataalamu wanaouona huo kuwa uharibifu wa lugha. Sikubaliani nao. Makanga anatenda kile ambacho kitenzi chadai kitendwe. Heshima yake, ijapokuwa ni nusu utani, ina mtenda anayeonekana.

Linganisha na tarehe 14 Mei 2013, waandamanaji walipoachilia nguruwe nje ya Bunge, katikati ya jiji, kuwapinga wabunge waliodai nyongeza ya mishahara. Kivumishi cha Kiingereza kiliendelea kuwafaa wabunge wale bila kosa lolote, kwani cheo hakikuguswa. Katika Kiswahili, kinyume chake, waandamanaji walijiondoa katika sentensi, kitenzi kikabaki kikimtafuta mtenda. Anayelitamka neno baada ya hapo kwa mazoea tu, au kwa kutaraji mchango wa harambee, nadhani ndiye anayesema uongo, wala si makanga.

Kwa anayebeba sifa yenyewe tunalo "mwenye heshima". Bungeni, ambamo Kiswahili kiliruhusiwa mwaka 1974, lililoshika mizizi ni lile jingine.