Toba ya mara ya ishirini

Kuna watu wanaotubu dhambi ileile kila mwezi. Wanalia kweli, wanapiga magoti kweli, na baada ya wiki mbili wanairudia. Je, Mungu huendelea kuwasamehe, au kuna mahali ambapo hesabu hufungwa?

Wakristo wa zamani hawakulijibu swali hili kwa sauti moja. Kitabu cha karne ya 2 kiitwacho Mchungaji wa Herma kilimpa mtu aliyekwisha kubatizwa nafasi moja tu ya kutubu dhambi kubwa. Baada ya mateso ya Kaisari Decius, yaliyoanza mwaka 250, kanisa liligombana juu ya waumini waliotolea miungu sadaka ili waokoe maisha yao. Novatian, padre wa Roma, alisema wasirudishwe kamwe. Cyprian, askofu wa Carthage, alikubali warudi baada ya toba ndefu. Hata hivyo, wote wawili walikuwa wakizungumzia anguko moja kubwa. Mlevi wa kijijini kwetu, anayeanguka kila siku ya soko, hakuwa akilini mwao.

Kwetu Uganda swali hili lina sura nyingine kwa sababu ya Walokole. Uamsho wao, uliochipuka Kampala na Gahini, Rwanda, mwishoni mwa miaka ya 1920 na katika miaka ya 1930, uliifanya toba kuwa jambo la mbele ya watu. Muumini husimama, huitaja dhambi yake kwa jina, na ndugu humpokea kwa wimbo. Ninauheshimu sana utaratibu huo. Kusema tu "mimi ni mwenye dhambi" hakumgharimu mtu chochote; kusema "niliiba mbuzi wa jirani" ni kazi. Lakini nimeona pia wimbo ukifunga shauri ambalo halijaisha.

Baba yangu mdogo alinywea pombe karo ya watoto wake mara tatu. Kila mara aliungama, akaimbiwa. Mara ya tatu mama mdogo hakuimba, tena akasema kuanzia siku hiyo fedha za nyumba atazishika yeye. Wazee wakamwita, wakamwambia kwamba sasa mwenye dhambi ni yeye, kwa kuwa Mungu amesamehe naye amekataa.

Wazee walitegemea Luka 17, ambapo Yesu anaagiza kwamba ndugu akikosa mara saba kwa siku na kutubu mara saba, asamehewe. Kinachonishangaza katika fungu hilo ni neno siku. Ndani ya siku moja hakuna nafasi ya kupima kama toba imezaa matunda. Kwa hiyo msamaha si cheti kinachotolewa baada ya mtihani, na hapo nakubaliana na wazee: anayesema Mungu amechoka anampimia Mungu kwa subira yake mwenyewe.

Ila sura mbili mbele, katika Luka huyohuyo, Zakayo anaahidi kurudisha mara nne alichonyang'anya, na Yesu hamzuii. Msamaha haukulipa karo. Watoto walikuwa bado nyumbani, na aliyewatunza kwa kuuza ndizi alikuwa mama mdogo. Kumsamehe mtu ni jambo moja, kumrudishia mfuko wa fedha ni jingine, na Biblia haimdai mke hilo la pili.

Tena naona anayetubu kweli ndiye angekuwa wa kwanza kuomba mfuko uondolewe mkononi mwake. Anayetubu asubuhi na kudai fedha jioni ametubia aibu tu. Kwangu mimi idadi ya maanguko si kipimo. Natazama kama mtu anasaidia kuiziba njia aliyoangukia.

Rafiki yangu mmoja anayesoma theolojia alinipinga: huko si kununua neema kwa matendo? Sidhani. Kuziba njia hakununui kitu, kama vile mgonjwa anayemeza dawa hamlipi daktari kwa kumeza. Pingamizi linalonisumbua zaidi ni la mtu ambaye pombe imemfunga hata mwili. Yeye huenda ataziba njia leo na kesho aivunje kwa mikono yake, akilia. Kwake yeye Luka 17 yabaki kama ilivyo, mara saba kwa siku, na sisi wa nyumbani mwake tunaendelea kuuficha mfuko.