Msaada wa Bure na Bei Yake

Katika lugha yetu neno "rahisi" lina maana mbili. Kitu rahisi ni kile kisichogharimu fedha nyingi. Tena kitu rahisi ni kile kisichomtaabisha mtu kukitumia. Neno "bure" nalo lina maana mbili: kitu kinachotolewa pasipo malipo ni cha bure, na kazi isiyozaa matunda ni kazi bure. Wazee waliotuachia maneno haya hawakukosa kuona hatari iliyomo ndani yake, maana walituachia pia methali ya kutuonya, kwamba rahisi huvunja upishi.

Katika makala haya nataka tulitazame swali moja la maadili. Je, mtu anayetoa kitu bure, kisha akapata riziki yake kwa kuwasaidia wale wanaokitumia, aweza kutamani kwa moyo safi kwamba kitu hicho kiwe chepesi, hata msaada wake usihitajiwe tena? Swali hili limezuka upya katika siku zetu kwa sababu ya programu za kompyuta, hasa zile ziitwazo programu huria. Lakini swali lenyewe si geni. Kwa hiyo tuanze mbali kidogo na kompyuta, katika ukanda wa dhahabu wa Shinyanga na Geita, mahali ambapo bei ya msaada hupimwa kwa mizani.

Mchimbaji mdogo akishatoa mawe katika duara lake, huyapeleka kwenye karasha yasagwe, kisha unga wake huoshwa mwaloni. Masalio mazito huchanganywa na zebaki, nayo zebaki huishika dhahabu. Halafu mchanganyiko huo huchomwa motoni, zebaki ikatoka kwa mvuke na dhahabu ikabaki. Njia hii ni nyepesi mno. Haihitaji umeme, wala maabara, wala masomo marefu. Kijana aweza kujifunza kwa kumtazama mwenzake asubuhi moja tu. Tena mara nyingi zebaki hupatikana bila fedha taslimu, kwa kuwa mnunuzi wa dhahabu humpa mchimbaji kwa sharti la kumwuzia yeye dhahabu itakayopatikana.

Basi hapa yako mambo yote matatu: msaada wa bure, wepesi wa matumizi, na faida. Lakini tuulize, ni nani alipaye? Mvuke wa zebaki ni sumu inayodhuru neva na figo, nao huvutwa na mchomaji pamoja na watoto walio karibu naye. Sharti la mnunuzi humnyima mchimbaji uhuru wa kutafuta bei iliyo nzuri zaidi. Tena zebaki huacha sehemu kubwa ya dhahabu ndani ya mchanga uliokwisha oshwa, uitwao marudio. Mahali pengi marudio hayo hubaki kwa mwenye mwalo, ambaye baadaye huyachenjua kwa sianidi, naye hupata dhahabu ambayo mwenye mawe hakuiona kamwe.

Hatuwezi kusema kwamba mwenye mwalo ameiba. Mapatano yalikuwapo, na kila mmoja aliyajua. Hata hivyo, yafaa tuone jinsi faida yake ilivyosimama: inategemea kwamba mwenye mawe asijue, au asiweze, kuyachenjua marudio yake mwenyewe. Siku mchimbaji atakapopata ujuzi na vyombo, faida hiyo itapungua. Kwa hiyo mtu mwema kabisa, asiye na nia mbaya kwa jirani yake, hujikuta amewekwa mahali ambapo ujinga wa jirani ni mtaji wake. Huu ndio mtego ninaotaka tuutambue.

Iko pia njia nyingine ya kusaidia. Shirika la Madini la Taifa, STAMICO, lina vituo vya mfano huko Lwamgasa katika Wilaya ya Geita na Katente katika Wilaya ya Bukombe, ambako wachimbaji wadogo huonyeshwa uchenjuaji usiotumia zebaki. Nchi yetu nayo, mwaka 2020, iliridhia Mkataba wa Minamata unaokusudia kupunguza matumizi ya sumu hiyo. Kituo cha mfano, kama kinastahili jina lake, hakipimwi kwa wingi wa watu wanaorudi kila siku kuomba msaada ule ule, bali kwa wingi wa wale walioondoka na ujuzi mikononi mwao.

Sasa tugeukie kompyuta. Programu ni maagizo yaliyoandikwa na watu ili mashine iyafuate. Makampuni mengi huuza programu huku yakificha maandishi yake ya asili, kama mpishi anayeuza chakula lakini haruhusu mtu kuingia jikoni. Mwaka 1983 Richard Stallman wa Marekani alitangaza kazi ya kuandika programu ambazo kila mtu angeruhusiwa kuzitumia, kuzisoma, kuzibadili na kumgawia mwenziwe. Mwaka 1991 Linus Torvalds, aliyekuwa mwanafunzi nchini Finland, alitoa kiini cha mfumo wa Linux, nao ukakuzwa na maelfu ya watu duniani. Kiingereza hutumia neno moja kwa maana ya bure na kwa maana ya huru, na jambo hilo limeleta mabishano mengi. Kiswahili kimeepuka tatizo hilo: sisi husema "programu huria", wala hatusemi tu "programu ya bure". Uhuria ni haki ya kuingia jikoni. Bure ni habari ya bei.

Je, wanaotengeneza programu hizi hula nini? Mkono mtupu haulambwi. Wengine hujitolea, wengine hulipwa na vyuo, na wengine huuza msaada. Kampuni ya Red Hat, iliyoanzishwa mwaka 1993, ilijenga utajiri wake hasa kwa kuyauzia mashirika huduma na uangalizi wa programu zilizo huria, hata mwaka 2019 ikanunuliwa na kampuni ya IBM kwa dola bilioni 34. Faida ya namna hii si haramu. Daktari hulipwa, fundi hulipwa, na mwalimu pia hulipwa. Kosa haliko katika kulipwa. Laweza kuwa katika kile tunachotamani kiendelee ili tuzidi kulipwa.

Maana hapa ndipo mtego wa mwaloni unaporudi. Ikiwa programu hutolewa bure na riziki hutoka katika msaada, basi ugumu wa programu huwa ni mgodi. Kila ukurasa wa maelezo usioandikwa ni mteja mmoja zaidi. Watetezi wa programu huria hujibu kwamba maandishi yako wazi: yeyote aweza kuyasoma, akajifunza, na yeye akawa fundi, kwa hiyo hakuna awezaye kuufunga ujuzi. Jibu hili lina uzito, nami nalikubali kwa sehemu. Mwenye mwalo hana mshindani pale ambapo vyombo vya sianidi ni vyake peke yake. Lakini fundi wa programu huria aweza kupata washindani kijiji chochote chenye kijana mwenye bidii.

Walakini jibu hilo halitoshi. Tumfikirie mwalimu wa shule ya sekondari katika kata ya mbali huko Kishapu au Mbogwe, aliyepewa kompyuta kumi zenye programu huria. Ameambiwa kwamba yuko huru kuzibadili. Lakini maelezo yameandikwa kwa Kiingereza cha mafundi, mtandao hukatika, na fundi wa karibu yuko mjini. Uhuru wake ni kama wa mtu aliyeruhusiwa kuchota maji katika kisima kirefu naye hana kamba. Haki isiyoweza kutumika haimlishi mtu. Kwa hiyo wepesi wa matumizi si pambo la kuongezwa mwishoni, bali ni sehemu ya haki yenyewe.

Wako waliolitambua jambo hili mapema. Mwaka 2004 mradi wa Kilinux, ulioshirikisha wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ulitoa programu za ofisi kwa Kiswahili zilizoitwa Jambo OpenOffice. Hakuna aliyelazimika kumwomba mwenye kampuni ruhusa, kwa kuwa maandishi yalikuwa huria. Hali kadhalika, takwimu za zahanati na vituo vya afya, zinazoandikwa katika vitabu vya MTUHA, leo huingizwa katika mfumo huria wa DHIS2, ulioratibiwa kutoka Chuo Kikuu cha Oslo nchini Norway. Na wataalamu wa Dar es Salaam wameshiriki kuurekebisha kwa mahitaji yetu. Katika mifano hii miwili wageni walisaidia, lakini ujuzi nao ulibaki nchini.

Mila zetu zinao mfano wa msaada wa aina hii. Katika vijiji vya Wasukuma, vijana chini ya kiongozi wao, nsumba ntale, walikwenda pamoja kulima shamba la mmoja wao, na mwenye shamba aliwaandalia chakula. Malipo yalikuwapo, na furaha ilikuwapo. Lakini hakuna aliyenufaika kwa kuwa ardhi ni ngumu, wala aliyeficha jembe ili aitwe tena kesho. Aliyesaidiwa leo alikuwa msaidizi siku iliyofuata. Ndiyo maana ya methali isemayo mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe: hatumpi mgeni jembe kwa kumchoka, bali kwa kumheshimu kama mtu mzima.

Kutokana na hayo, twaweza kuupima msaada wowote, uwe wa zebaki, wa programu au wa shule, kwa maswali mawili. Kwanza, je, bei yake yaonekana, au imefichwa ndani ya neno "bure"? Pili, baada ya mwaka mmoja, je, msaidiwa atamhitaji msaidizi kwa jambo lile lile, au kwa jambo jipya lililo kubwa zaidi? Msaidizi mwaminifu hakosi kazi, kwa kuwa mtu aliyeelimika huwa na maswali mengi kuliko mjinga.

Lakini wajibu hauko kwa msaidizi peke yake. Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Programu ikifanywa nyepesi kiasi gani, atakayeridhika kubonyeza tu pasipo kuuliza atabaki katika hali ya mchimbaji anayeacha marudio yake. Katika mwaka 1967 Mwalimu Nyerere alitukumbusha, katika andiko lake la Elimu ya Kujitegemea, kwamba kusoma hakukusudiwi kumtenga kijana na jamii yake. Basi mwanafunzi aliyeelewa jinsi programu moja inavyofanya kazi na aandike maelezo yake kwa Kiswahili safi, kurasa mbili au tatu, ayaache shuleni kwa ajili ya wale watakaokuja mwakani. Mwalimu naye ayasahihishe na kuyahifadhi. Kazi hiyo haitamletea mwanafunzi dhahabu, lakini wadogo zake hawatalazimika kununua tena kile ambacho yeye alikwisha kukipata.